Kabla ya Kushika Msasa

Baadhi ya nyumba za wazee waliofariki, huko Marekani na Uingereza, huwa na mfuko mmoja mrefu wa kitambaa uliofungwa kwa utepe. Hutokea darini au nyuma ya kabati la nguo. Ndani yake mna vipande vitatu au vinne vya mwanzi vyenye pembe sita, vimepakwa vanishi na kuvalishwa vipete vya waya vilivyofungwa kwa uzi wa hariri. Ni ufito wa kuvulia samaki kwa nzi bandia. Warithi huwa na maswali mawili: una thamani gani, na je, unatengenezeka? Mara nyingi huanza na lile la pesa. Mimi ananivutia zaidi yule anayeulizwa. Kuna mafundi wachache ambao kazi yao ni kuzitambua fito hizi na kuzirudishia uhai, na sijui kazi nyingine ya mikono inayodai adabu kiasi hicho. Sehemu kubwa ya ufundi wao ni kujizuia.

Mvuvi wa pwani yetu, aliyezoea mshipi wenye chubwi na ndoana yenye kipande cha ngisi, akiuona ufito wa namna hii ataudhani mchezo wa watoto. Lakini hapa kinachorushwa ni kitu kisicho na uzito, manyoya na uzi juu ya kindoana. Uzito umo katika mshipi wenyewe, ambao zamani ulikuwa wa hariri iliyosukwa na kutiwa mafuta. Mvuvi huurusha nyuma, akangoja unyooke hewani, kisha akauleta mbele. Ufito ndio unaofanya kazi: hupinda, hujaa nguvu, huiachia. Ukiwa mgumu mno mshipi hauendi, ukiwa mlegevu mno unamwangukia mwenyewe kichwani, na kinachotenganisha hali hizo mbili ni unene wa sehemu ndogo za milimita.

Samaki anayetafutwa hasa ni trauti. Huku kwetu hakuwapo; mlowezi Ewart Grogan ndiye anayetajwa kumpandikiza Kenya mwaka 1905, akimtoa Loch Leven, Uskochi, na kumtia katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Mito ya huko hupita katikati ya misitu ya mianzi, na walowezi wakasimama chini ya mianzi hiyo wakivua kwa fito zilizosafiri nao kutoka Uingereza, zilizotengenezwa kwa mwanzi wa China.

Mwanzi huo wa China hutoka eneo dogo la kushangaza: vilima vya kando ya mto Sui, wilaya ya Huaiji, katika jimbo la Guangdong. Wafanyabiashara waliuita mwanzi wa Tonkin ingawa Tonkin ni kaskazini ya Vietnam, na jina likaganda. Mtaalamu wa mimea Floyd McClure, aliyekuwa akifanya kazi Canton, ndiye aliyeueleza kisayansi mwaka 1931. Sifa zake ni chache lakini hazipatikani pamoja kwa urahisi: kuta nene, vifundo visivyotokeza sana, na juu ya yote nyuzi ngumu zilizosongamana chini ya ngozi ya nje. Kadiri unavyoingia ndani nyuzi hupungua na nyama laini huongezeka. Kwa hiyo siri yote ya kutengeneza ufito ni kubaki na nje na kutupa ndani.

Wa kwanza kusifiwa kwa kazi hiyo Marekani ni Samuel Phillippe wa Easton, Pennsylvania, katika miaka ya 1840. Alikuwa fundi bunduki aliyetengeneza na fidla, na anayejua mbao za fidla hawezi kushangaa kwamba aliuelewa mwanzi. Baadaye akaja Hiram Leonard wa Bangor, Maine, aliyebuni mashine ya kukata mbale za mwanzi kwa pembe sahihi na ambaye, kwa mujibu wa masimulizi ya wavuvi, aliifungia katika chumba cha ufunguo. Mwaka 1881 alihamishia karakana yake Central Valley, New York. Wanafunzi wake, akina Edward Payne, Eustis Edwards na Fred Thomas, walitoka na kuanzisha kazi zao wenyewe. Uingereza nako kulikuwa na Hardy Brothers wa Alnwick, walioanza mwaka 1872 na kuziandika fito zao neno Palakona.

Namna ya kuutengeneza haijabadilika sana. Mwanzi wa urefu wa mita tatu na nusu hivi hupasuliwa kuwa mbale nyembamba. Vifundo hupigwa tupa. Mbale hunyooshwa kwa moto, kisha hupangwa ili vifundo vya ubale mmoja visikutane na vya jirani yake, maana penye kifundo ndipo penye udhaifu. Halafu kila ubale hulazwa katika mfereji uliochongwa kati ya vyuma viwili virefu na kupigwa randa hadi uwe na pembe tatu zilizo sawa, nyuzi 60 kila moja. Randa haigusi upande wa ngozi. Vyuma hivyo vina skrubu kila baada ya sentimita 12 na kitu, zinazopanua au kubana mfereji, na fundi mzuri hujibana katika kosa lisilozidi sehemu mbili na nusu za mia za milimita. Mbale sita hukutanishwa kwa gundi, ngozi ikiwa nje pande zote. Kwenye ncha kabisa, ufito mzima unaweza kuwa na unene wa milimita moja na nusu tu. Maana yake kila ubale pale hauzidi milimita moja, na bado una pembe tatu zilizonyooka.

Sasa turudi kwa yule fundi wa leo, aliyeletewa mfuko kutoka darini.

Jambo la kwanza hafanyi chochote. Huvitandaza vipande mezani na kuvipima urefu. Katika fito nyingi vipande vyote hulingana. Kimoja kikipungua sentimita tano, basi ncha iliwahi kuvunjika na mtu akairudishia kipete palipobaki, pengine miaka 70 iliyopita, bila kumwambia mtu. Kuna watengenezaji waliokusudia vipande visilingane, kwa mfano baadhi ya fito za Kifaransa za Pezon et Michel, ndiyo maana fundi hasemi neno kabla hajajua mtengenezaji ni nani.

Na kumjua mtengenezaji ndiko kazi ilipo. Saini ya wino juu ya mwanzi hufutika. Stika hubanduka. Mhuri kwenye chuma cha chini huweza kuwa wa duka na si wa karakana: duka la Abercrombie & Fitch la New York liliuza fito za Payne, na viwanda vikubwa kama Montague wa Massachusetts na Horrocks-Ibbotson wa Utica vilipiga juu ya fito zao majina ya wauzaji wa kila aina. Fundi basi huacha maandishi na kusoma mwili. Anatazama kikalio cha rili, yaani pale rili inapokaa chini ya mshikio: ni mbao, koki, plastiki au chuma? Kinafungwa kwa pete ya kusukuma au kwa nati? Anatazama pete ndogo inayofunika mwisho wa mshikio, ambayo kila karakana ilikuwa na umbo lake. Anatazama viungo vya chuma vinavyounganisha vipande. Vile vizuri ni vya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, vina midomo iliyochanwa ili chuma kisiukate mwanzi ghafla unapopinda. Vya bei rahisi ni shaba ya njano iliyopakwa nikeli, na nikeli ikishambuka rangi ya chini hujitokeza.

Kisha vifundo. Hapa mtu asiyejua huona madoa tu. Fundi huuzungusha ufito taratibu chini ya taa na kuhesabu: je, vifundo vimekaa vitatu kwa vitatu, ubale mmoja ukipishana na mwingine? Viwili kwa viwili? Vimezunguka mwili kama ngazi? Au vimetapakaa ovyo? Karakana ndogo zilikuwa na mpangilio wao na hazikuuacha. Kiwandani, ambako mbale zilichotwa rundoni, mpangilio mara nyingi haupo. Rangi ya mwanzi nayo husema: wengine waliuacha mweupe kama majani makavu, wengine waliuchoma hadi ukawa kahawia ya kahawa. Akiona alama za moto zilizotawanyika bila mpango, huenda ameshika mwanzi wa India uliojulikana kama Calcutta, uliotumika kabla wa Guangdong haujatawala, na hapo anakaa vizuri kitini.

Nyuzi pia zina habari. Fito za kale zilifungwa hariri kila baada ya sentimita moja au mbili, kuanzia mshikioni hadi nchani, kwa sababu gundi ya ngozi ya wanyama haikuaminika penye maji. Gundi zilipoboreka vifungo hivyo vikaachwa. Mwishowe fundi hushika mikromita na kupima unene kila baada ya sentimita 12 na kitu, katika jozi zote tatu za pande zinazotazamana, na kuandika namba. Mteremko wa namba hizo kutoka nene hadi nyembamba ndio tabia ya ufito, na mara nyingi ndio unaotaja jina la baba yake pale ambapo wino umekwisha.

Mara nyingi jina hilo si la Leonard wala Payne. Hapa ndipo ninapowaheshimu mafundi hawa zaidi. Fito nyingi zinazorithiwa zilitengenezwa kwa maelfu na kuuzwa bei ya chini kwa wafanyakazi waliotaka kwenda mtoni Jumamosi. Mbaya zaidi kwa matumaini ya warithi ni lile sanduku la mbao linalong'aa, lenye ufito, rili na safu ya nzi bandia wa rangi. Anayelifungua huona hazina. Liliuzwa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa askari wa Marekani waliokuwa wakilikalia taifa lile, kama zawadi ya kupeleka nyumbani, na thamani yake leo ni ya kumbukumbu tu. Fundi mwaminifu humwambia mjane ukweli huo palepale, kwa upole, na hachukui kazi ambayo gharama yake inazidi bei ya ufito mara tatu, isipokuwa mwenyewe atamke kwamba anautaka kwa sababu ulikuwa wa mumewe. Sababu hiyo inatosha. Wanaoidharau hawajawahi kurithi kitu.

Utambuzi haufanywi kwa ajili ya bei tu. Chukua mfano wa ufito uliopinda na kubaki umepinda. Dawa yake ni joto: mwanzi ukipashwa hulainika, hunyooshwa kwa mikono, hushikiliwa hadi upoe. Lakini joto hilohilo huachisha gundi ya ngozi. Asiyejua ufito ni wa enzi gani atataka kunyoosha kipande kimoja na kuishia na mbale sita mkononi. Au chukua fito za Orvis wa Vermont za baada ya vita, ambazo Wes Jordan alizinywesha utomvu wa bakelaiti hadi ndani. Hizo hazihitaji vanishi kabisa, na anayezipaka ameharibu. Kuna nyakati ambapo jibu bora kwa ufito uliopinda kidogo ni kuvitoa vipete na kuvifunga upande wa pili, ili uvuvi wenyewe uusukume kurudi ulikotoka. Ni werevu wa watu wavivu, na ninaupenda.

Viungo vya chuma hutaka subira ya aina yake. Kwanza hutafutwa kipini, kijiti cha chuma kinachopita katikati ya kiungo na mwanzi, kidogo kiasi kwamba chini ya vanishi huonekana kama chembe ya vumbi. Kikisahaulika, kuvuta kutaupasua mwanzi. Kikitoka, chuma hupashwa juu ya taa ya spiriti na kuvutwa kwa kunyooka, bila kuzungusha, kwa sababu mbale za mwanzi zikisokotwa huachana. Uchafu wa ndani husafishwa kwa pamba na spiriti. Wenye haraka hutia msasa, na chuma kilichosuguliwa hakirudi. Kiungo kilicho sawa, ukikitenganisha, hutoa mlio kama wa kizibo kinachotoka chupani, na mafundi husikiliza mlio huo kuliko wanavyotazama.

Lakini ukitaka kuona fundi ni nani, mtazame anapofunga hariri. Uzi wa zamani hukatwa kwa wembe juu ya mguu wa kipete, kwenye chuma, kamwe si juu ya mwanzi. Kabla ya kuutupa huugeuza na kuuangalia upande wa chini, ambako mwanga haukufika, ili aone rangi ilivyokuwa siku uzi ulipofungwa. Huandika idadi ya mizunguko na upana wa kila kifungo. Kisha hutafuta hariri nyembamba inayofanana; vigurudumu vya zamani vya Pearsall's, hariri ya Kiingereza, huwindwa na kununuliwa kama vito. Miguu ya kipete hutiwa tupa hadi iwe nyembamba kama ukingo wa karatasi, uzi upate kuipanda bila kuacha mwanya. Ufito huzungushwa kwa mkono wa kushoto, uzi ukiwa umebanwa kati ya kurasa za kitabu kizito ili uvutike sawasawa, na kila mzunguko hulala ubavuni mwa uliotangulia. Mizunguko michache ya mwisho hupita juu ya kitanzi cha uzi mwingine. Ncha hutiwa kitanzini, kitanzi huvutwa, na ncha huzama chini ya wenzake isionekane tena. Hakuna fundo popote.

Halafu vanishi inapogusa, rangi hubadilika. Hariri isiyokingwa hunywa vanishi na kuwa kioo: nyekundu huiva ikawa ya divai, njano hukaribia kutoonekana, nyeupe hupotea kabisa na mwanzi ukaonekana chini yake. Ndiyo maana fundi hufunga kwanza vifungo vya majaribio juu ya kipande cha mwanzi cha rangi ileile, akavipaka na kungoja vikauke, kabla ya kuamua. Akikosea hapo, ufito utakuwa mzuri lakini si wake tena. Vanishi yenyewe ni ya namna iliyotumiwa kwenye milingoti ya merikebu, inayokubali kunyumbuka. Kipande hutumbukizwa katika bomba refu lililojaa vanishi na kutolewa polepole sana, kwa mwendo ambao jicho halioni, katika chumba ambacho hakuna anayepita. Vumbi moja likitua, ni kurudia.

Pengine mtu atauliza, mbona ufundi huu haukufa? Ulikaribia. Desemba 1950 Marekani ilipiga marufuku biashara na China, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanzi ukawa haba wakati uleule fito za nyuzi za kioo zilipoingia sokoni, nyepesi, rahisi, zisizoogopa maji. Karakana nyingi zikafungwa. Kilichosaidia kuurudisha ni kitabu. Everett Garrison, mhandisi wa New York aliyekokotoa mkazo ndani ya fito zake, alifariki mwaka 1975, na mwaka 1977 Hoagy Carmichael, mwana wa mtunzi wa nyimbo mwenye jina hilohilo, akachapisha mbinu zake zote hatua kwa hatua. Siri zilizofungiwa tangu enzi za Leonard zikawa za kila mwenye randa.

Wengi wa mafundi wapya waliotokana na kitabu hicho ni hodari, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye mikono mizuri hushindwa kuiacha vanishi ya kale yenye nyufa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ufito wa Payne uliokwanguliwa na kung'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa wakusanyaji, na nadhani wana haki: vanishi ile ilipakwa na mikono ambayo haipo. Fundi ninayemsifu hubadilisha kipete kilicholegea tu, hugusa kifungo kilichofumuka, na kuacha mengine. Ncha iliyovunjika ataiunganisha kwa mkato mrefu wa mshazari na kipande cha mwanzi mkongwe, au atatengeneza ncha mpya kabisa kwa vipimo vya pacha wake, na ataandika wazi kwamba ni mpya. Asiyeandika anaghushi, hata kama kazi yake ni nzuri.

Basi ukikabidhiwa mfuko wa namna hiyo, labda na jirani huko ughaibuni, labda na klabu ya zamani ya wavuvi huko Nyeri, usiviunganishe vipande kwanza uone. Usizungushe viungo, usipake mafuta, usiuegemeze ukutani. Ufito ukiwa na unyevu, uache ukauke nje ya mfuko, kisha uutundike. Piga picha za mshikio, vyuma, vifundo na maandishi yoyote, pima urefu wa kila kipande, ndipo umtafute fundi. Akikwambia sokoni hauna bei lakini viungo vyake vimeshika na gundi yake ni nzima, usiutie kabatini. Kenya imekuwa ikifunga nzi bandia kwa mikono na kuwauza Ulaya na Marekani kwa miongo mingi. Nunua wachache, nenda mtoni, ukavue.